Jinsi ya Kuandaa Left 4 Dead 2 kwa Wachezaji Viziwi

Mwongozo huu ni wa wenye mabanda ya gemu hapa Nairobi, na wa yeyote mwenye ndugu au rafiki kiziwi anayependa gemu za risasi. Nimechagua Left 4 Dead 2 ya Valve, gemu ya timu ya watu wanne dhidi ya mazombi, iliyotoka mwaka 2009. Ni nafuu: Steam, duka la gemu la mtandaoni, huishusha bei mara kwa mara, na kompyuta iliyotumika kutoka Luthuli Avenue huiendesha bila shida. Kikubwa zaidi, manukuu yake hayaishii kwenye mazungumzo. Huandika hata milio ya adui ambaye bado hujamwona. Ina damu nyingi, kwa hiyo watoto usiwawekee.

Hatua ya 1: Washa manukuu kamili
Ingia Options, kisha Audio, utafute mahali pa manukuu. "Subtitles" huandika maneno ya wahusika peke yake. Chagua "Closed Captions", ambayo huongeza milio.

Hatua ya 2: Fanya maandishi yakae
Mistari hupotea upesi, na anayefyatua risasi hana nafasi ya kusoma. Kwenye mipangilio ya kibodi na mausi, ruhusu Developer Console, yaani kisanduku cha kuandikia amri. Bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc, andika cc_linger_time 3, kisha Enter.

Hatua ya 3: Pitia majina pamoja
Manukuu hayana Kiswahili. Mtatumia Kiingereza, ilhali viziwi wengi wa hapa hujieleza vizuri zaidi kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Kaeni chini kabla ya kucheza, mpitie kila adui: Smoker hukohoa, kisha humvuta mtu kwa ulimi, Witch hulia, na ukisoma kilio chake zima tochi kwa F na umpite mbali. Waache wachezaji wenyewe wakubaliane ishara ya kila jina. Usiwabunie, lugha ni yao.

Hatua ya 4: Jibuni swali la "wapi"
Hapa ndipo penye kazi. Sauti hubeba habari mbili: ni nini, na iko upande gani. Manukuu hutoa ya kwanza tu. Anayesikia hugeuka kushoto papo hapo. Kiziwi amesoma kwamba Hunter, adui anayemrukia mtu, yupo, lakini hajui atatokea wapi. Fortnite, gemu nyingine ya risasi ambayo ni ya bure, huonyesha mwelekeo wa hatua na risasi kwa alama zinazozunguka katikati ya skrini. Tatizo ni kwamba inataka intaneti muda wote, na bando hununuliwa.

Kwenye Left 4 Dead 2, dawa ni mpangilio wa timu. Mko wanne: wawili watazame mbele, mmoja pembeni, wa mwisho alinde nyuma. Zamu za kubadilishana zipangwe mapema. Umbo la mwenzako huonekana hata akiwa nyuma ya ukuta, basi kila mmoja ajizoeze kuwaangalia wenzake. Kwa ujumbe mfupi, shikilia Z uchague kwenye duara.

Hatua ya 5: Panga viti na taa
Mabanda mengi huweka skrini mstari mmoja ukutani. Wanaosikia huitana kwa kelele. Viziwi wanahitaji kuonana. Geuza meza zitazamane, skrini zikae kando kidogo ili nyuso na mikono ionekane. Taa iwake, kwa sababu giza linawanyima mazungumzo. Kila ramani huanzia mahali tulivu, na nyingi huishia kwenye chumba salama. Hapo ndipo mikono huachia kibodi na mipango hupangwa. Kama unatoza kwa dakika, usizihesabu hizo. Mimi sizihesabu.

Hatua ya 6: Wasiosikia vizuri
Kwa anayesikia sikio moja, washa mono audio, inayopeleka sauti zote kwa kila sikio, kwenye mipangilio ya ufikiaji ya Windows. Pedi yenye mtetemo pia husaidia.

Hatua ya 7: Jaribu bila sauti
Zima spika kabisa ucheze ramani ya kwanza mwenyewe. Ukipigwa bila kujua umepigwa na nini, rudi hatua ya 1 na ya 2. Ukiridhika, mwite mchezaji kiziwi aikague kazi yako, na umlipe kwa muda wake.