Maharage ya geto: sufuria moja, milo sita, na tumbo lisilounguruma darasani

"Dada, leo niwekee mchicha tu, maharage hapana. Nina presentesheni saa nne."

Maneno haya nayasikia karibu kila Jumatatu kibandani kwangu, jirani na chuo hapa Dar es Salaam. Si kwamba kijana hapendi maharage, anaogopa kuaibika mbele ya wenzake. Mchana namwona anapita na chipsi kavu zilizomgharimu mara mbili ya sahani yangu, usiku kiungulia kinamkaba, asubuhi anarudi ananiuliza kama nina tangawizi.

Nimewapikia wanafunzi mwaka wa sita sasa. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi mwenyewe, nimepanga geto na mwenzangu, jiko letu la mtungi mdogo wa kilo 6 likiwa chini ya dirisha. Mimi ni mpishi, si daktari. Lakini maharage nayajua, na kwa mtu ambaye bumu lake, ile pesa ya mkopo wa chuo, limebaki la kuhesabu, sijaona chakula kingine kinachoshibisha vile kwa bei ile. Maharage yanasingiziwa. Kinachowatesa wengi ni haraka ya kuyapika.

Ndani yake kuna aina za sukari, rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mdogo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinateremka zilivyo mpaka utumbo mpana, bakteria wanazifanyia karamu, na gesi ndiyo mabaki ya karamu hiyo. Habari njema ni kwamba sukari hizi huyeyuka kwenye maji. Basi kazi yetu kubwa ni kuzitoa kabla hazijafika mdomoni.

Hatua ya 1: Kununua (Ijumaa jioni)

Nunua nusu kilo. Ikiiva inazidi kilo moja, na kwa mtu mmoja hiyo ni milo mitano au sita. Maharage ya njano na kablanketi huiva mapema, kwa hiyo hayamalizi gesi. Mekundu makubwa ni matamu ila yanataka subira.

Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, hasa kwenye joto na unyevu wa mji kama huu, huwa magumu hata uyachemshe mpaka mtungi uishe. Chota kiganjani uyaangalie: ngozi iwe inang'aa, isiwe imekunjamana, wala yasiwe na vitundu vya wadudu.

Hatua ya 2: Kuloweka (Ijumaa usiku)

Chambua mawe, osha, weka kwenye sufuria kubwa, mimina maji mara tatu ya kimo cha maharage. Yatavimba, usiyabane. Tia kijiko kidogo cha chumvi kwenye maji hayo. Najua bibi zetu walisema chumvi inayafanya yawe magumu. Mimi nimejaribu vyote viwili na ngozi hulainika vizuri zaidi ukilowekea chumvi.

Saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Joto la Dar ni kali, kwa hiyo ukiamka usiku kwenda msalani, badilisha maji. Ukiyaacha siku nzima utaona povu na harufu ya kuchachuka. Asubuhi mwaga maji yote. Nasisitiza, yote. Kuna wanaoyaonea huruma wakidhani wanamwaga vitamini. Wanachokitunza ni gesi.

Hatua ya 3: Kuchemsha (Jumamosi asubuhi)

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana hapa niliwahi kuumia.

Mwaka wa kwanza, mimi na mwenzangu tulijiona wajanja. Tulichukua maharage mekundu mabichi, tukayatia kwenye chupa ya chai ya lita mbili, tukajaza maji ya moto, tukafunga, tukaenda kipindi. Tuliporudi yalikuwa yamelainika nusunusu. Njaa haina macho, tukala. Hazikupita saa tatu tulikuwa tunapokezana ndoo. Tulidhani tumerogwa, tukadhani ni kipindupindu, kumbe ni chupa ya chai.

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Yakiliwa bila kuiva, hata punje nne au tano zinatosha kumtapisha mtu. Sumu hiyo huvunjika kwenye mchemko wa nguvu. Joto la vuguvugu haliiui, na linaweza kuifanya iwe kali zaidi. Kwa hiyo chupa ya chai, jagi la umeme la kuchemshia maji, au jiko lililowashwa kwa moto wa mshumaa si mahali pa kuanzia maharage mabichi.

Fanya hivi. Weka maji mapya, washa moto mkubwa, yaache yatokote kwa dakika 30 kamili kuanzia pale yanapoanza kubingirika. Engua povu. Usifunike kabisa dakika za mwanzo, yatafurika na kuzima jiko.

Baada ya nusu saa hiyo, sumu imeshaondoka na unaweza kuanza ubahili wa gesi. Funika sufuria vizuri, zima jiko, iviringishe kwenye blanketi au kanga mbili nene, iache saa moja na nusu. Joto lililomo litaendelea kupika bure. Fungua, rudisha motoni, malizia mpaka harage likibanwa kwa vidole viwili linapondeka lote bila kiini kigumu. Kama kiini bado kipo, halijaiva, na hapo usinisingizie mimi tumbo likikuuma. Mwenye sufuria ya presha atumie dakika kama 20 na ayasome haya mengine akiwa amekaa.

Magadi usitie. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Nyanya na ndimu nazo zisubiri, kwa sababu uchachu huchelewesha kulainika.

Hatua ya 4: Kugawa kabla ya kuunga

Wengi huunga sufuria nzima. Ukishatia nyanya, kitunguu na nazi, chakula kinaharibika upesi zaidi, na ukiyala yale yale siku tatu mfululizo utayachukia.

Toa sehemu ya leo na ya jioni. Iliyobaki iache ipoe, igawe kwenye makopo madogo yenye mfuniko, na ndani ya saa mbili iwe imeingia kwenye friza. "Dada, friza nitatoa wapi?" Mwenye duka la mtaani anayeuza maji baridi na barafu anayo. Kwa miaka miwili yule wa kwetu alitutunzia makopo yetu chini ya soda, na malipo yalikuwa kopo moja la maharage yaliyoungwa kila Jumapili. Andika jina juu ya kopo. Nayasema haya kwa uchungu wa mtu aliyewahi kukuta kopo lake tupu.

Kama friza haipatikani, pika robo kilo, ule siku hiyo hiyo, na kila unaporudia chemsha mpaka yatokote, si kupasha moto tu. Yakianza kuvuta utelezi au kunukia uchachu, mwaga. Usionje kwanza ili uhakikishe.

Wali ni kesi nyingine. Mchele una vijimbegu vya bakteria ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala kwenye sufuria usiku kucha, vinaamka na kutengeneza sumu, na sumu ile haiondoki hata ukiukaanga kiporo mpaka uungue. Kwa hiyo pika wali wa mlo mmoja. Kikombe kimoja cha mchele kinamtosha mtu mmoja mwenye njaa ya kawaida.

Hatua ya 5: Kuunga

Mafuta kijiko kimoja cha chakula, kitunguu kimoja, kitunguu saumu punje mbili, kipande cha tangawizi, bizari nyembamba kidogo, nyanya mbili. Zikishaiva kabisa na mafuta kujitenga, mimina maharage, ponda machache kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Nazi ukipenda, mwishoni, ila si mlo wa saa nne usiku halafu ukajilaza. Mafuta mengi na kitanda ndivyo vinavyozaa kiungulia. Subiri saa mbili au tatu kabla ya kulala, hata kama ni kwa kusoma.

Hatua ya 6: Kula kwa mpango

Kama hujayazoea maharage, anza na vijiko vitatu vya chakula kwa siku, wiki nzima, halafu ongeza. Tumbo hujifunza. Anayekaa wiki tatu kwa chipsi kisha akafakamia bakuli zima usiku wa kuamkia mtihani anajitafutia mwenyewe.

Ongeza mchicha au tembele, na mara mbili kwa wiki dagaa, wale wanaoliwa na mifupa yao, kwa ajili ya kalsiamu. Kunywa maji, maana nyuzinyuzi bila maji hufunga choo. Chai ya rangi isogeze saa moja mbali na mlo, kwani huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yasifyonzwe vizuri.

Kisha kuna pasi ndefu, yaani kuruka milo. Najua kwa nini watu wanaipiga, nimeipiga sana. Lakini badala ya kukaa kavu tangu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni kisha kubugia mlima wa ugali, gawa chakula kile kile mara mbili: uji au kiazi kitamu asubuhi, ugali maharage alasiri. Gharama haiongezeki, na tumbo halijai kama ngoma.

Kibaya zaidi ni pasi ndefu inayoshushiwa vidonge vya maumivu. Kichwa kinauma kwa njaa, mtu anameza diklofenaki tumbo tupu, kesho tena, keshokutwa tena. Dawa za jamii hiyo, pamoja na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ndizo sababu kuu za vidonda vya tumbo. Pilipili inasingiziwa. Barry Marshall, daktari wa Australia, alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili awathibitishie wabishi, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Hivyo ukiambiwa una vidonda, kunywa maziwa kila siku si tiba. Yanatuliza kwa muda mfupi. Pima, upewe dawa, umalize dozi.

Tumbo likishachafuka

Gesi tu: tembea robo saa, kunywa maji ya moto ya tangawizi, acha soda. Kuharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, siyo vya mlima. Kunywa kidogo kidogo na uendelee kula.

Ukiona damu, choo cheusi kama lami, homa kali, kutapika kusikokoma, maumivu makali yaliyohamia chini upande wa kulia, au uzito unaopungua wenyewe, toka jikoni kwangu uende hospitali. Usijitibu "taifodi" kwa ushauri wa chumba cha pili.

Kijana wangu wa Jumatatu bado hajakubali. Wiki iliyopita aliniletea mapatano: "Dada, punje usiniwekee, ila nimwagie mchuzi wake juu ya wali." Nikamwagia, na nikanyamaza. Sukari zilizosalimika kwenye kuloweka, sehemu yake imejificha humo humo kwenye mchuzi. Presentesheni yake ilikwenda salama, kaniambia mwenyewe, na leo kaagiza tena.