Kabla hujampelekea fundi kompyuta, toa diski

Kompyuta ikiharibika skrini, kibodi au tundu la chaji, fundi wa Darajani hahitaji picha za dada zako wakiwa ndani bila mtandio ili aitengeneze. Mwombe aifungue mbele yako, atoe diski inayohifadhi mafaili yako, urudi nayo nyumbani. Neno la siri la kuingilia Windows peke yake halitoshi: diski ikichomekwa kwenye kompyuta nyengine, mafaili husomeka, isipokuwa yamefichwa kwa msimbo. Kufuta nako si kinga, programu za kurejesha vilivyofutwa zipo za bure. Kwa diski isiyotoka, mafaili ya faragha yafungie kwa VeraCrypt, programu ya kuficha mafaili kwa msimbo, mapema, kompyuta ikiwa bado nzima. Haina malipo. Nakala weka kwenye diski ya nje.