Jinsi ya kumtambulisha mpiga picha ambaye watu hawajawahi kumsikia (usianze na tuzo zake)

Mara ya kwanza kuandika kuhusu mpiga picha niliyempenda nilianza hivi: kazaliwa mwaka fulani, kasoma chuo fulani, kashinda tuzo hii na ile na ile nyingine, kaonyesha kazi kwenye miji kibao. Aya nzima. Watu wakapita kama wanavyopita kibao cha barabarani, aliyekomenti alikuwa mmoja tu na aliuliza "sasa picha ziko wapi?" Na alikuwa na haki yake, maana picha nilizirundika chini kabisa baada ya wasifu ambao hata mama mzazi wa huyo mpiga picha asingeumaliza.

Toka hapo nimeandika tambulisho nyingi na kuna kitu kimoja nimekiona kinabeba karibu kila kitu. Wapiga picha wengi wa sasa hivi hawafanyi picha moja moja, wanafanya mradi, na mradi unakuwa na sharti lake. Sharti yaani ile kanuni mtu amejiwekea mwenyewe: nitapiga nini, wapi, kwa namna gani, na nini sitapiga. Ukilipata sharti ukalisema kwa sentensi mbili tatu, msomaji kashanasa. Usipolipata utaishia kusema "picha zake zinagusa moyo" na hapo umeshampoteza.

Ngoja nionyeshe. Hiroshi Sugimoto wa Japani ana mfululizo wa kumbi za sinema aliouanza miaka ya 1970. Anaingia ukumbini na kamera kubwa, ile ya kusimamisha kwenye miguu mitatu, filamu ikianza anafungua shata, yaani kile kipazia cha ndani ya kamera kinachoruhusu mwanga uingie, filamu ikiisha anafunga. Basi. Sinema nzima imeingia kwenye picha moja. Na unajua kinachotokea? Skrini inatoka nyeupe pee, mwanga mtupu, maana mabusu yote yale na magari na vita na machozi vimelaliana hadi vikafutana, afu ule weupe wa skrini ndo unaomulika viti vitupu na nakshi za ukutani ambazo hakuna mtu anaziangaliaga akiwa anatazama sinema. Umeona, sijasema kapata tuzo gani na wala hujanidai.

Au hawa wawili, Mikhael Subotzky wa Afrika Kusini na Patrick Waterhouse wa Uingereza. Waliingia Ponte, lile jengo la duara la ghorofa 54 pale Johannesburg, kuanzia 2008, wakajiwekea sharti la kichaa kidogo: wapige picha kila mlango, kila dirisha, na kila televisheni ya kwenye jengo. Ukisema hivyo tu mtu anaanza kujiuliza mwenyewe, hee, kila mlango? watu waliwafungulia? na televisheni ya nini? Maswali hayo ndo unayoyataka, acha yamsumbue kidogo kabla hujayajibu.

Sasa sharti utalipataje

Kwanza acha kusoma. Najua inasikika vibaya ila fungua picha kumi au ishirini za mradi mmoja, usisome maelezo yoyote, angalia nini kinajirudia. Umbali wa kamera? Watu wanatazama lenzi au pembeni? Kuna watu kweli? Mwanga wa mchana au flashi? Andika hovyo hovyo kwenye notsi za simu. Baada ya hapo ndo unaenda kusoma mpiga picha mwenyewe kasema nini, na mara nyingi utakuta nusu ulishaiona, ile nusu nyingine ndo habari yenyewe.

Mfano mzuri ni Taryn Simon wa Marekani na mradi wake wa The Innocents wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukiangalia bila kusoma unaona wanaume wamesimama mahali pa kawaida kabisa, njiani, baa, chumbani, wanakutazama. Unaweza ukapita. Afu unasoma maelezo, kumbe hawa ni watu waliofungwa kwa makosa ambayo hawakuyafanya, wengi wao kwa sababu shahidi aliwatambua kimakosa, wakaja kutolewa na vipimo vya DNA, na Simon akawarudisha sehemu zenye uzito kwenye kesi zao: pale uhalifu ulipotokea, pale walipokamatwa, au pale walipokuwepo wakati huo. Mmoja kapigwa picha kwenye baa ambako mashahidi 13 walisema alikuwepo muda ule uhalifu unatendeka kwingine. Mashahidi 13! Na bado alikaa ndani miaka 10. Kinachonimaliza mimi ni kwamba picha yenyewe mara nyingi ilikuwa sehemu ya makosa, mashahidi walionyeshwa picha wakachagua sura. Kwa hiyo mradi wa picha unaishtaki picha. Hiyo sentensi ya mwisho ndo ningeanza nayo kama ningekuwa naandika kepsheni.

Mbinu ya kamera itaje pale tu inapokuwa na maana. Kila mtu anapenda kuuliza katumia kamera gani na mara tisa kati ya kumi haisaidii chochote. Ile mara moja ni kama kwa Richard Mosse wa Ireland. Alienda mashariki mwa Kongo na filamu ya Kodak (sio sinema, ule utepe wa kunasia picha kwenye kamera) inayoitwa Aerochrome, iliyotengenezwa kwa kazi za kijeshi, inanasa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao majani mabichi yanaurudisha kwa wingi na kitambaa kilichopakwa rangi ya kijani hakiurudishi hivyo, kwa hiyo adui aliyejificha anaonekana. Kwenye picha majani yote yanakuwa ya waridi. Vilima vya Kivu vya waridi, wapiganaji wamesimama kwenye nyasi za waridi. Hapo huwezi kuiruka filamu kwa sababu filamu ndo mradi, silaha ya kufichua imepelekwa kwenye vita ambayo dunia imeshazoea kutoiona. Watu wamebishana sana kama ni sawa kuifanya vita iwe nzuri namna ile, na we kwenye utambulisho wako usiufiche huo ubishi. Mimi niko katikati kwa kweli, picha moja moja inanikera, mradi mzima unanishika.

Kuhusu majina ya miradi. Yaache kama yalivyo afu yaeleze. Zanele Muholi wa Afrika Kusini ana mfululizo wa picha za kujipiga mwenyewe unaoitwa Somnyama Ngonyama, ni Kizulu. Sisi wa Kiswahili sikio letu linakimbilia "mnyama" na tunakosea, kwa Kizulu mnyama ni -eusi, ngonyama ndo simba, kwa hiyo ni salamu kwa simba jike mweusi. Ukitafsiri jina ukalitupa lile la asili umemnyang'anya msomaji hako kamchezo. Na hapo hapo Kiswahili kinakusaidia kitu kingine: Muholi hapendi kuitwa kwa viwakilishi vya kike wala vya kiume, wanaoandika kwa lugha nyingine wanahangaika, sisi tunasema "alipiga", "anasema", tumemaliza. Ila uwe makini usije ukachomekea "dada" au "kaka" kwa mazoea.

Kwenye mfululizo huo kuna picha moja, Bester I, ya 2015. Muholi kajipiga akiwa na vibanio vya nguo, vile vya kuanikia, vimepangwa kichwani kama taji na vingine vinaning'inia masikioni kama hereni. Ngozi imekolezwa weusi kwenye kusafisha picha, macho yanakuangalia moja kwa moja. Ukiishia hapo ni picha kali tu ya mitindo. Sasa mwambie msomaji kwamba Bester ni jina la mama yake, na mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu kwa miaka mingi. Mtu anarudi kuangalia vile vibanio upya. Kazi yako ya kutambulisha ni hiyo hiyo, kumpa mtu kitu kimoja kinachomrudisha kwenye picha, mengine ataenda kutafuta mwenyewe.

Lugha ya ukutani

Hili linaniudhi kwa hiyo nitalisema kwa urefu. Kumbi za maonyesho zina lugha yake, ile ya maelezo yanayobandikwa ukutani pembeni ya picha, na ukiitafsiri neno kwa neno unapata kitu kama hiki: "Kupitia kazi zake, msanii anachunguza dhana za utambulisho, kumbukumbu na upotevu, akitualika kutafakari nafasi yetu." Nafasi ipi? Hiyo sentensi unaweza ukaibandika kwa mpiga picha yeyote duniani na isidondoke.

Hapo alikuwa anazungumziwa, tuseme, Lebohang Kganye wa Afrika Kusini. Hebu jaribu hivi: mama yake alifariki, akabaki na picha za zamani na nguo. Akavaa zile nguo, akasimama vile vile mama alivyosimama, akajipiga, afu akajibandika kwenye picha ya zamani pembeni ya mama yake, nusu anaonekana, nusu kama kivuli. Wawili wamevaa gauni moja, wameinama upande mmoja, mmoja hayupo tena duniani. Mradi ni wa 2013, unaitwa Ke Lefa Laka, Kisotho, yaani "huu ni urithi wangu". Sijasema "kumbukumbu" wala "upotevu" hata mara moja na nadhani umevisikia vyote viwili.

Kanuni yangu ni kwamba neno ambalo usingelitumia ukiwa unamsimulia rafiki kwenye simu, lifute.

Watu walioko ndani ya picha nao wana nafasi yao. Gauri Gill wa India alipofanya Acts of Appearance, kuanzia 2015, aliwaendea mafundi wa vinyago vya karatasi huko Jawhar, Maharashtra, ambao kwa kawaida wanatengeneza vinyago vya miungu na wahusika wa ngano kwa ajili ya tamasha lao, akawaomba watengeneze vya maisha ya sasa. Ndo unakuta mtu ana kichwa cha mnyama au cha kifaa cha nyumbani huku anaendelea na shughuli zake kama kawaida. Ukiandika "vinyago vya Gauri Gill" umekosea, vinyago ni vya mafundi, mkono wao ndo nusu ya kazi. Vivyo hivyo kwa LaToya Ruby Frazier, ambaye kwenye The Notion of Family alijipiga picha yeye, mama yake na bibi yake kwenye mji wa viwanda vya chuma wa Braddock, Pennsylvania, Marekani, kuanzia 2001. Mama yake naye kuna picha kapiga. Sema hivyo.

Kuna kazi ambazo sharti halipo, au lipo ila halisemeki. Rinko Kawauchi wa Japani kwa mfano, 2001 alitoa vitabu vitatu kwa mpigo, na ndani ni vitu vidogo vidogo, mwanga mwembamba, wadudu, mikono, chakula. Usilazimishe hadithi. Kwa kazi kama hizo mimi naweka picha mbili zinazofuatana kwenye kitabu chake, naeleza kwa nini ya pili inaibadilisha ya kwanza, nanyamaza.

Uhakiki, haraka haraka ila usiruke: jina la mradi, mwaka, nchi, tahajia ya jina. Niliwahi kuposti picha nikaandika nchi niliyoikuta kwenye akaunti nyingine, mwenyewe akaniandikia kwa upole kabisa kwamba sio huko, na picha ilikuwa imeshasambaa, nikaona aibu wiki nzima. Chukua habari kutoka tovuti ya mpiga picha au ukumbi uliomwonyesha. Omba ruhusa kabla ya kutumia picha, wengi wanajibu na wengi wanakubali, weka jina lake panapoonekana, na usiikate picha ili ikae vizuri kwenye mraba, kama haikai iache na kingo nyeupe.

Pa kuwapata wapya? Maonyesho ya picha ya Arles kule Ufaransa, ya Bamako kule Mali yaliyoanza 1994, tamasha la Addis Foto Fest la Ethiopia lililoanzishwa na mpiga picha Aïda Muluneh 2010, tamasha la Chobi Mela la Dhaka, Bangladesh, orodha za tuzo ya picha ya Prix Pictet. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, watu wengi walimjua kupitia Arles 2016 na picha zake za mwanamke mwenye ualbino akitembea Kibera. Orodha za wanaoingia fainali ni tamu kuliko za washindi, siku zote.

Ukishaandika, kabla hujaposti, msomee mtu asiye na habari na kamera. Mimi namsomea dada yangu akiwa anafanya mambo yake, simwambii asikilize. Ile ya kwanza ya tuzo na vyuo alisema "eeh, hongera yake". Ya Sugimoto aliacha alichokuwa anafanya akaniuliza, "kwani ilikuwa filamu gani?"