Kujiandaa kwa kimbunga pwani ya kusini mwa Tanzania
Mkazi wa Mafia, Lindi au Mtwara anayesikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kama ile ya kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, aanze na chombo chake cha baharini, akikivuta nchi kavu kupita alama ya maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa juu kabisa, kwa sababu upepo husukuma bahari ikapanda kuliko kawaida. Mabati yaliyolegea yapigiliwe misumari mapema. Kupanda paani upepo ukishaanza ni kujitafutia ajali. Maji ya kunywa yajazwe kwenye madumu na simu zichajiwe. Upepo ukitulia ghafla, usitoke nje, kwani huenda jicho la kimbunga, yaani sehemu tulivu ya katikati yake, ndilo linalopita, na dhoruba itarudi ikivuma kutoka upande wa pili.