Kusimulia usaliti wa ndani ya uhusiano kwenye podikasti bila kumgeuza msaliti kuwa staa

Podikasti nyingi za uhalifu wa kweli zina tabia moja inaniudhi sana, tapeli wa mapenzi ndo anapewa muziki na sifa za ujanja, afu aliyetapeliwa anatokea mwishomwisho analia tu. Kama unaandaa kipindi cha hivi, anza na manusura na umalize naye.

Kabla ya kuwasha maiki, ongeeni kwanza bila kurekodi. Mwambie kinagaubaga kipindi kitatoka lini, kitasikika wapi na nani wengine utawatafuta. Hili la mwisho watu wanalipuuza, maana ukimpigia yule msaliti umpe nafasi ya kujibu, na lazima umpe, hapohapo anajua kuna kitu kinaandaliwa, na kama anajua mwenzie anapoishi ushamtia huyo mtu hatarini, kwa hiyo kubalianeni siku ya kupiga na siku hiyo yeye atakuwa wapi. Ridhaa nayo haiishii kwenye kusaini. Muulize tena mkishamaliza kurekodi, muulize tena kabla ya kurusha, akisema kipande fulani kitoke kitoe na usinune. Huyu ameishi na mtu aliyekuwa anamwamulia ajue nini na asijue nini, usiwe wa pili.

Sasa maswali. "Ilikuwaje hukushtuka?" lifute kabisa, najua wasikilizaji wanalitamani ila linamweka yeye kizimbani. Uliza "ulipoiona ile simu ya pili alikujibuje?" Hapo ndo unapata mambo, labda atakwambia jamaa alisema ni ya kazini, na kesho yake "bosi" akapiga kweli kwenye simu ileile wakiwa mezani, kumbe ni rafiki aliyepangwa. Msikilizaji akisikia hivo anajua hata yeye angeingia mkenge, huna haja ya kuhubiri.

Akichanganya tarehe usidhani anadanganya, kiwewe kinavuruga mpangilio wa kumbukumbu. Tengenezeni kalenda pamoja kwa meseji za zamani, risiti, miamala ya benki na karatasi za mahakama kama zipo. Mweleze pia kwamba unahakiki ili maneno yake yasimame, maana mtu aliyedanganywa miaka akiona unachimbachimba kimyakimya anaumia upya.

Kisheria nenda taratibu. Kuchepuka kwenyewe nchi nyingi si jinai, ila kughushi saini ya mwenza achukue mkopo au kumrekodi faragha bila ridhaa mara nyingi ni kosa. Uingereza na Wales sheria ya 2015 ilifanya kumdhibiti na kumnyanyasa mwenza kisaikolojia kuwa jinai, kifungo hadi miaka 5, baadhi ya nchi nyingine hazina kitu kama hicho. Kama mahakama haijamtia hatiani usimwite mhalifu, sema "anadaiwa kufanya hivi", na mwanasheria asikilize kabla ya kurusha. Kubadili jina peke yake hakufichi mtu pia, kazi yake, idadi ya watoto na sauti vinamtaja, na hao watoto siku moja watasikiliza.

Kwenye kuediti acha ukimya uwepo, ila kilio cha dakika tatu cha nini, sekunde chache zinatosha. Muziki wa kutisha chini ya sauti yake toa. Afu angalia matangazo! Yanaingizwa yenyewe, mtu anaelezea alivyotapeliwa na mchumba wa mtandaoni, mara paap, tangazo la programu ya kutafuta wachumba. Huduma nyingi zinazohifadhi podikasti zinakuruhusu kuzuia aina fulani ya matangazo, ingia kwenye mipangilio ufanye mapema.

Siku moja kabla ya kurusha mtumie asikilize toleo la mwisho. Komenti asome mtu wa timu yako, si yeye, na wale wapelelezi wa mtandaoni wanaoanza kutafuta sura na anwani futa komenti zao bila mjadala. Wiki ikiisha mpigie tena, hata kama huna unachohitaji kwake.