Bahasha ya mahakama Uingereza: ifungue leo, hesabu siku

Nina miaka kumi na saba nikitafsiri mahakamani hapa Leicester, na bado bahasha yangu mwenyewe niliiweka juu ya friji. Ilitoka Northampton, mji nisio na mtu ndani yake, nikadhani ni tangazo. Kumbe kampuni moja ya maegesho ilikuwa imenifungulia madai, na madai mengi ya fedha ya nchi nzima hupitia ofisi moja ya mahakama iliyoko huko. Aliyekuja kunizindua ni karani wa benki, siku nilipoomba mkopo wa gari.

Kwetu Tanga samansi inaletwa na mtu. Utasaini, na majirani watajua kabla hujamaliza kuisoma. Huku hakuna anayebisha hodi. Bahasha ikishatumwa kwenye anwani yako ya mwisho inayojulikana, siku zinaanza kuhesabiwa, uwe umeisoma au hujaisoma. Basi ukihama, badilisha anwani kila mahali, leseni ya udereva ikiwemo.

Ukiifungua, usianze na kiasi cha pesa. Tafuta kwanza jina la karatasi. Imeandikwa "Claim Form"? Hayo ni madai: mtu au kampuni anataka fedha kwako, na mahakama yake ni ile inayoitwa County Court. Imeandikwa "Single Justice Procedure Notice"? Hiyo ni jinai, hata kama kosa lenyewe ni kupanda treni bila tiketi au kutazama televisheni bila leseni. (Ninayosema ni ya England na Wales. Uskoti wana mahakama zao na taratibu zao.)

Kwenye madai una siku 14 tangu uhesabiwe kuwa umepokea maelezo ya dai. Unaweza kulipa, unaweza kukubali deni na kuomba ulipe kidogo kidogo, unaweza kupinga. Kama bado unatafuta risiti, jaza sehemu ya kukiri kupokea tu, na muda wa kuleta utetezi utafika siku 28. Kumpigia simu anayekudai na kuelewana naye kwa mdomo hakusimamishi siku hata moja. Nimeona watu wakiangukia hapo, wameshika simu mkononi wakimwonyesha jaji rekodi ya mazungumzo.

Ukijibu, mambo hayatishi. Madai mengi yasiyozidi pauni 10,000 huenda kwenye utaratibu wa madai madogo. Kwa madai ya fedha, kwanza mtapatanishwa kwa simu, bure, na tangu Mei 2024 upatanishi huo ni lazima. Mkishindwana mtakaa mezani mbele ya jaji wa wilaya, mara nyingi chumba cha kawaida tu, bila wigi wala kizimba. Mwite "Judge", inatosha. Wakili si lazima.

Usipojibu, mwenzako anaomba hukumu ya upande mmoja na anaipata, na jina lako linaandikwa kwenye daftari la hukumu za madeni. Ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja jina linafutwa humo. Mimi nililipa mwezi wa tatu. Waliandika "imelipwa", lakini jina langu likabaki pale mpaka miaka sita ikatimia. Unaweza kuomba hukumu itenguliwe, ila uombe upesi na uwe na utetezi wa kweli. "Sikuiona barua" peke yake haitoshi kila mara.

Ile ya jinai inakupa siku 21. Ukikaa kimya, hakimu mmoja akiwa na mshauri wa sheria anaamua kwa karatasi, wewe ukiwa kazini kwako hujui lolote. Ukikana, unapangiwa siku ya kusikilizwa. Ukikiri mapema, faini hupunguzwa theluthi. Na kama kweli hukuipata barua, una siku 21 tangu ujue kuhukumiwa, ili uape kwamba hukujua. Kesi itaanza upya.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno hakimu, maana ndilo linalowapotosha wasomi wetu. Waliosoma sheria Dar wanaijua tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo sheria ya Kiingereza ilihesabiwa kuingia Tanganyika, kwa hiyo wanadhani huku watakuta sura wanazozijua. Hakimu wa huku kwa kawaida si mwanasheria. Ni mwalimu mstaafu, muuza duka, muuguzi. Halipwi mshahara, na kwenye kesi za kawaida huketi na wenzake wawili. Kesi zote za jinai zinaanzia kwao. Zilizo nzito, kama mauaji, zinapelekwa Crown Court kwa jaji na raia kumi na wawili. Usiwafananishe na wazee wa baraza wa mahakama za kwetu, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Hawa kumi na wawili ndio wanaosema ana hatia au hana. Jaji anabaki na sheria na adhabu. Juu zaidi kuna rufaa, na kileleni Mahakama ya Juu, iliyoanza Oktoba 2009. Huko wengi wetu hatufiki.

Ukikamatwa, polisi atakusomea onyo. Mimi hulitafsiri hivi: si lazima useme lolote, lakini utetezi wako unaweza kudhurika ukiulizwa sasa ukanyamaza kuhusu jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani, na lolote utakalosema linaweza kuwa ushahidi. Wapo wanaosikia nusu ya kwanza wakafunga mdomo kabisa, wapo wanaosikia nusu ya pili wakamwaga kila kitu. Kabla ya kuchagua, omba wakili. Kituoni ni bure, usiku au mchana, uwe na pesa au huna.

Omba na mkalimani pia, na useme Kiswahili chako ni cha wapi. Kibajuni cha pwani si Kiswahili cha Bukavu, Kongo. Niliwahi kupelekwa kwa mzee wa Kongo, tukatazamana dakika tano nzima kwa tabasamu la adabu, mpaka nikamwomba ofisa atafute mtu mwingine.