Kuseti kamshafti za resi na kurimapu injini iliyofungwa upya: usiamini alama peke yake

Wakuu, hapa Tanga sa hivi vijana wengi wanafungua 4A-GE zao (zile injini za Toyota za 1600) na kuzifunga upya, hedi inapelekwa kwa tona inasagwa, kamshafti kubwa (shafti zenye nundu zinazosukuma valvu zifunguke) zinaagizwa, afu siku ya kuvalisha mkanda mtu anapanga alama za puli na za kava, anapiga starta, gari inawaka, basi anaita mtu wa laptopu aje kurimapu, yaani kuandika upya namba za petroli na moto. Hapo ndo shida inapoanza. Gari nzito chini, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na jamaa wa laptopu anaongeza petroli anapunguza petroli mpaka magharibi. Ramani ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) haiwezi kutibu valvu inayofunguka kwa muda usio wake, lazima kamshafti zikae kwenye digrii zake kwanza.

Mana ni hivi, ukisaga hedi, kamshafti zinashuka karibu na krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) lakini mkanda ni uleule. Upande wa mkanda unaovuta umefupika, tenshona inakula ulegevu wa upande wa pili, kwaiyo kamshafti zinachelewa. Ukisaga nusu milimita kwa puli yenye kipenyo cha milimita 100 hivi, hiyo ni digrii moja na kidogo ya krenki. Jumlisha na bloku iliyosagwa, jumlisha na puli isiyo orijino, unajikuta umechelewa digrii tatu nne na alama zimekaa vizuri kabisa. Mteja mmoja wa Chumbageni alisimama pembeni akaniuliza, "Fundi, si alama zimekaa?" Nikamwambia kaka, alama zimekaa, hedi ndo imeshuka.

Vifaa unavyohitaji si vingi: sahani ya digrii 360 ya kufunga kwenye krenki, waya mgumu wa kuwa mshale, dayal geji yenye stendi ya sumaku, fila geji, puli za kamshafti zinazorekebishika, na bolti ndefu ya kuzuia pistoni inayoingia tundu la plagi. Na ile karatasi iliyokuja na kamshafti usiitupe na boksi, ndo ina namba zote.

Anza na kutafuta juu kabisa ya pistoni namba moja. Usitumie bisibisi kwenye tundu la plagi, pistoni ikifika juu inakaa pale digrii kadhaa bila kusogea, jicho halitaona kitu. Shusha pistoni kwanza, funga ile bolti, zungusha krenki kwa spana taratibu mpaka pistoni iguse, soma sahani. Rudi upande wa pili mpaka iguse tena, soma. Kama huku ni 38 na huku ni 42, sogeza sahani mpaka pande zote zisome 40, hapo sifuri yako ni ya kweli. Toa bolti. Piga na alama mpya ya rangi kwenye puli ya krenki, utaihitaji baadaye, kwa sababu puli kuukuu zenye raba katikati zina tabia ya ile ringi ya nje kuteleza na alama ya kiwandani inahama nayo.

Sasa weka dayal geji juu ya kikombe cha valvu ya kuingiza, sindano inyooke sawasawa na mwendo wa valvu, ikilala pembeni vipimo vyote vya uongo. Zungusha krenki upande ule injini inakozungukia tu, ukipitiliza usirudishe kidogo, rudi robo mzunguko nzima uje upya ili mkanda ubaki umevutika. Tafuta nundu inapofika mwisho wa kusukuma, seti geji sifuri. Afu soma digrii geji ikiwa imebakiza milimita moja kufika kileleni, na tena ikiwa imeshuka milimita moja kutoka kileleni. Tuseme umepata 72 na 156 baada ya juu kabisa. Jumlisha ni 228, gawa kwa mbili ni 114. Karatasi inasema 110, basi umechelewa digrii 4 za krenki, na kwa kuwa kamshafti inazunguka nusu ya krenki, puli unaisogeza mbele digrii 2 tu. Watu wengi wanachanganya hapa wanasogeza 4. Kaza, zungusha injini mizunguko miwili kamili kwa mkono, pima tena. Upande wa eksosi ni kazi hiyohiyo ila unahesabu kabla ya juu kabisa. Kama nundu hazilingani pande zote mbili, kugawa kwa mbili hakutakupa jibu, tumia kile kipimo cha valvu imefunguka kiasi gani pistoni ikiwa juu.

Na wenye injini ya 3S ya Altezza yenye VVT-i (gia zinazohamisha kamshafti zenyewe injini ikitembea) kwenye kamshafti zote mbili, vipimo vyote chukua pini za ndani ya gia zikiwa zimejifunga.

Kabla hujafunga hedi moja kwa moja, pima nafasi kati ya valvu na pistoni. 4A-GE ya valvu 16 ikiwa na kamshafti za kiwandani mkanda ukikatika valvu hazigongi, sasa watu wanadhani na kamshafti kubwa ni hivyohivyo, si kweli. Weka plastisini juu ya pistoni, ipake oili kidogo, funga hedi na gasketi kuukuu, zungusha kwa mkono mara mbili, fungua, kata kwa wembe upime. Mimi sikubali chini ya milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya eksosi. Ukiisogeza mbele kamshafti ya kuingiza valvu zake zinasogelea pistoni, ukiichelewesha ya eksosi vilevile, kwaiyo ukihamisha puli siku nyingine upime upya. Halafu hizi injini za valvu 16 shimu zake (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) zinakaa juu ya kikombe, na kamshafti yenye mnyanyuko mkubwa inaweza kuirusha shimu nje, badilisha uweke vikombe vya shimu ya chini.

Siku ya kuwasha paka nundu grisi ya kufungia, zungusha starta bila moto mpaka presha ya oili ipande, ikiwaka tu ipeleke mizunguko 2000 hadi 2500 uishikilie dakika 20, usiiache kwenye silensa, mana nundu mpya zinataka oili ya kurushiwa. Baada ya hapo endesha kilomita mia kadhaa bila kuikamua, mwaga oili, pima kompreshoni. Injini mbichi hairimapiwi.

Kontroli boksi ya kiwandani ya 4A-GE haiandikiki upya, utafunga ya kujitegemea kama MegaSquirt au Link. Na hewa yetu ya bahari hapa, hasa magari yanayolala Raskazone, inakula waya kimyakimya. Fungua soketi za sensa, ukikuta ukijani safisha, safisha na erthi za bloku, la sivyo utarimapu kutu. Kisha gandisha taimingi ya moto (digrii ambazo plagi inachoma kabla pistoni haijafika juu) kwenye programu, tuseme digrii 10, piga taa ya taimingi kwenye ile alama yako mpya. Zisipolingana usiendelee.

Kwenye silensa waidibendi (sensa ya eksosi inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli) itakwambia petroli ni kidogo. Usikimbilie kuongeza. Kamshafti kubwa zinaacha valvu za pande mbili wazi kwa pamoja, moshi wa eksosi unarudi ndani, mchanganyiko hauungui wote, na oksijeni isiyotumika inatoka hadi eksosi sensa inaiona nyingi. Fuata utulivu wa injini na presha ya manifodi, silensa ya 1000 hivi ni kawaida, na taimingi ya moto sogeza mbele kidogo kwani mchanganyiko ule unaungua polepole. Presha ya manifodi ikirukaruka sana, chini huko tumia nafasi ya trotoli kusoma mzigo.

Mwendo wa kawaida lenga 14.7 (sehemu za hewa kwa sehemu moja ya petroli), mguu chini kwa injini isiyo na tabo lenga 12.8 hadi 13. Petroli kwanza, moto baadaye, digrii moja moja. Nguvu ikiacha kuongezeka rudisha digrii 2. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, achia mguu hapohapo. Fanya kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), kama haipo tafuta barabara tupu na mwenzako ashike laptopu, dereva asiangalie kioo cha laptopu.

Ukimaliza huku chini panda nayo kutoka Mombo mpaka Lushoto. Kule juu, mita 1400 hivi, hewa imepungua karibu asilimia 15, na kama unasoma mzigo kwa trotoli bila sensa ya presha ya hewa ya nje gari itatoa moshi mweusi na kukaba. Hapo rekebisha jedwali la presha ya hewa, lile jedwali kuu la petroli uliloseti Tanga liache kama lilivyo.